Mkono wa Kushoto wa Blauzi

Mikono ya ile blauzi haikulingana, na Wifi hajawahi kukata mikono isiyolingana tangu nimfundishe kushika mkasi.

Niligundua siku ya Alhamisi, saa tatu na kitu asubuhi, nikiwa peke yangu kwenye chumba chetu cha kushonea. Nilikuwa nainyoosha kwa pasi ili kesho yake niivae kwenye mahafali ya binti yangu. Nikaikunja katikati, mshono kwa mshono, nikalaza mkono mmoja juu ya mwenzake kama ninavyofanya kwa kila nguo inayotoka humu ndani. Mkono wa kushoto ukachungulia chini ya ule wa kulia. Nikasema nimekunja vibaya. Nikaifungua, nikaikung'uta, nikakunja upya. Ukachungulia tena, upana wa kidole kizima.

Asiyeshona ataniuliza ubaya uko wapi, si watu hukosea? Basi nimweleze. Fundi hakati mkono mmoja mmoja. Anakunja kitambaa, anaweka karatasi ya kukatia juu yake, anapitisha mkasi mara moja, na mikono miwili inatoka pacha. Hata ukate huku unasinzia, mikono itakuwa mibaya yote miwili lakini italingana. Ili mmoja uzidi mwenzake inabidi uwe umekusudia, umechora karatasi mbili na kukata mara mbili.

Nikachukua futi. Mkono wa kulia, pale palipo pana, sentimita thelathini na tano kuzunguka. Wa kushoto, thelathini na nane. Nikapima tena, maana mtu akitafuta uongo hupima mara mbili. Thelathini na nane.

Nikaizima pasi nikakaa. Blauzi ile ilikuwa imenikaa vizuri mno nilipoijaribu jana yake, kote kote, hata nikamwambia Wifi kwamba siku hizi ameshanipita kwa ufundi. Alitabasamu akageuka upande. Sasa nilikuwa nimeelewa kwa nini aligeuka, na sikuthubutu kuuangalia mkono wangu mwenyewe.

Miezi saba kabla ya hapo nilikatwa titi la kushoto, pamoja na tezi kumi na nne za kwapani. Kumi na nne, daktari alizitaja kama mtu anayehesabu vifungo. Titi nililia nikamaliza. Tezi sikuzilia kwa sababu sikujua kazi yake, mpaka nilipopelekwa, miezi mitano baadaye, kwa muuguzi mmoja wa kliniki ya viungo ambaye wagonjwa wote tunamwita Sista wa Mikono. Yeye ndiye aliyenikalisha akanieleza kwamba mwilini kuna maji mengine yasiyo damu, yanaitwa limfu, yanayozunguka yakizoa taka na vijidudu. Damu ina moyo wa kuisukuma. Limfu haina. Inakwenda ukipumua, ukitembea, ukikunja na kukunjua misuli, na njia zake za mkononi zinapitia kwapani, pale pale nilipokatwa.

"Barabara yako imefungwa, mama," aliniambia. "Maji yatatafuta vichochoro. Kazi yako ni kuyasaidia yasilale njiani. Yakilala, mkono utavimba, na ukivimba ukaachwa, nyama inakakamaa. Ukishakakamaa haurudi."

Nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu na kushika mkasi, lakini wa kushoto ndio unaokipeleka kitambaa kwenye sindano. Ndio unaojua kona. Mkono wa kushoto ukikakamaa, mimi nimebaki mtu wa kushona magunia.

"Basi usiuache," akasema.

Sikuuacha. Kama kuna mtu amewahi kutii masharti ya hospitali, ni mimi. Kila asubuhi kabla sijavaa naketi kitandani, naweka kiganja tumboni, napumua mpaka tumbo linainuka, mara kumi. Halafu najipapasa. Si kukanda, Sista alikuwa mkali sana juu ya hilo, kwa sababu njia hizo ziko juu juu chini ya ngozi na ukizikandamiza unazifunga. Unaanza kwapa la upande mzima, unaliamsha, kisha unaisogeza ngozi taratibu kutoka kifuani kuelekea huko, kisha bega, na mkono ndio unakuja mwisho. Nguvu yake ni ile ile ya kunyoosha hariri kwa kiganja bila kuiachia alama. Hilo nililishika siku moja, na Sista akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa mafundi.

Naunawa mkono kwa sabuni, naukausha hadi katikati ya vidole, naupaka mafuta ngozi isipasuke. Nikilala unapumzika juu ya mto wake wenyewe, mpaka mume wangu akalalamika kwamba mkono umepewa heshima kuliko yeye. Bangili nilivua. Kimto cha pini, ambacho nimekivaa mkono wa kushoto kama saa kwa miaka ishirini na mbili, nilikihamishia kulia, na kwa wiki mbili nzima nilikuwa nachomeka pini hewani. Kila nikimaliza nguo moja nasimama, nainua mikono juu, nafumba na kufumbua ngumi, na wateja wanaosubiri wanadhani nasali.

Na kila Jumapili tunapima. Hilo ndilo lilikuwa sharti kubwa. Mahali pale pale kila mara, katikati ya kiwiko na bega, mkono mzima na mkono mgonjwa. Wa kulia ni thelathini na moja. Wa kushoto ulianza thelathini na moja na nusu. Ukizidi mwenzake kwa sentimita mbili, Sista alisema, usingoje tarehe yako ya miezi mitatu, njoo Alhamisi inayofuata, siku ya kliniki.

Mtu hawezi kujipima mkono kwa mkono mmoja akapata kipimo cha kuaminika. Mume wangu anaweka vigae kwenye nyumba za watu, nilimjaribu, akanipima kama anapima veranda. Kwa hiyo kazi hiyo alipewa Wifi, dada yake, mwenzangu wa chumba cha kushonea, ambaye ana mkono mwepesi na jicho lisilokosea. Yeye anapima na kutaja, mimi naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho.

Jumapili ya tatu alitaja thelathini na mbili. Siku mbili sikula. Nilimwambia mume wangu amtafute mnunuzi wa cherehani. Nilimfokea binti yangu mpaka akahamia kusomea kwa rafiki yake. Jumapili iliyofuata Wifi akapima polepole, akasema, "Umerudi. Thelathini na moja na nusu." Nikamkumbatia. Na tangu siku hiyo, wiki kwa wiki, thelathini na moja na nusu, thelathini na moja na nusu. Mkono wangu ulikuwa mwanafunzi bora.

Ulikuwa unaniwia mzito, siwezi kukataa. Jioni vidole vilikuwa vinajaa kidogo, na mara mbili tatu sindano ilinipita pembeni ya mstari. Lakini nilikuwa nimeshavalia magauni mapana yasiyobana kitu, na nilikuwa na daftari. Nikasema ni uchovu. Mtu mwenye daftari hasikilizi mwili wake.

Sasa nieleze la aibu. Katika kazi yetu kuna jambo tunalifanya na hatulisemi. Mteja akija amenenepa, hatumtajii. Unazungusha futi kiunoni, unaona mia moja na nne, unatangaza tisini na sita kwa sauti ya kuridhika, halafu moyoni unashika mia moja na nne na nguo unaikata kwa mia moja na nne. Mteja anaondoka na furaha, nguo inamkaa, anarudi na rafiki zake. Ukimtajia ukweli anakwenda kwa fundi mwingine anayejua kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ndiye niliyemfundisha Wifi jambo hilo, wiki yake ya kwanza, na nakumbuka maneno yangu mwenyewe: "Mdomoni mpe kipimo anachokitaka. Kwenye mkasi mpe cha kweli."

Niliinuka nikaenda kwenye msumari tunapotundika karatasi za kukatia. Ya kwangu ilikuwa nyuma ya zote, imeviringishwa na kufungwa uzi. Nikaukata uzi. Zilikuwa mbili, moja imeandikwa kulia na nyingine kushoto, na kwenye ya kushoto, pembeni, kwa penseli, kulikuwa na safu ya tarehe za Jumapili. Thelathini na moja na nusu, mara mbili. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili na nusu. Thelathini na tatu. Thelathini na tatu na nusu, mara mbili. Thelathini na nne, mara mbili.

Tisa. Na ile ya thelathini na tatu, ambayo ndiyo ilikuwa sentimita mbili za Sista, ilikuwa inakaribia umri wa wiki tano.

Wifi aliingia wakati huo huo, na bahati mbaya hakuja peke yake. Alikuwa na jirani yetu mwenye duka la vyombo, Mama Duka, aliyekuja kujaribu gauni lake. Mama Duka alikuwa anazungumza tangu nje. Wifi aliniona, akaona karatasi mkononi mwangu, akaacha kumsikiliza.

"Wifi," nikasema. "Njoo unipime."

"Ngoja kwanza nimvalishe..."

"Nipime sasa hivi."

Mama Duka, ambaye hana habari za watu wengine mpaka zimwangukie mguuni, alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia anavaa. Wifi alichukua futi shingoni mwake. Nikapandisha mkono wa gauni mpaka begani, na hapo nikalazimika kuutazama. Ulikuwa umejaa. Mfupa wa kiwiko, ambao zamani ungeweza kutundikia mkoba, haukuonekana. Sijui nilikuwa naangalia nini wiki zote hizo.

Alipima. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Soma," nikasema.

Alianza kuiviringisha futi.

"Soma, au nimwite kaka yako aje asome."

"Thelathini na nne na nusu," akasema, taratibu.

Nilidhani nitapiga kelele. Badala yake nikaanza maswali. Nikamuuliza kama anajua Sista alisema nini. Anajua, alikuwepo. Nikamuuliza kama anajua mkono ule unatulisha watu wangapi. Anajua, na yeye ni mmoja wao. Nikamuuliza basi alikuwa anangoja nini, nife?

"Ulipoteza siku mbili bila kula kwa ajili ya nusu sentimita," alisema. "Ulitaka kuuza cherehani. Nikasema niseme cha zamani wiki moja tu, upate nguvu, wiki ijayo utakuwa umerudi na mimi nitasema ukweli na hakuna atakayejua. Wiki ijayo ikaja, haukurudi. Ukazidi. Sasa ningesemaje? Kila wiki uongo ulikuwa mkubwa kuliko wiki iliyopita."

"Kwa hiyo ukanishonea blauzi."

"Nilitaka uvae kitu kizuri kisichokubana. Sista alisema usibanwe."

"Umenikata kama mteja."

"Ndivyo ulivyonifundisha."

Hilo lilinichoma, na nadhani hakulisema kunichoma. Alilisema tu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulisimama pale tukitazamana, futi ikining'inia katikati yetu.

Pazia likafunguka. Mama Duka alitokea, gauni limefungwa pini ubavuni, macho yametoka. Alikuwa amesikia kila kitu, na alikuwa amefanya hesabu zake.

"Na mimi?" akauliza. "Kiuno changu ni ngapi?"

Wifi alinitazama. Mimi nikaitazama sakafu.

"Mia moja na nne," nikasema.

"Mlinambia tisini na sita."

"Ndiyo."

"Mwaka jana mlinambia tisini na sita."

"Mwaka jana ilikuwa mia moja."

Mama Duka alikaa kwenye kiti cha wateja na pini zake zote. Mimi nikajiambia hapa tumempoteza mteja, na nusu ya mtaa pamoja naye. Kisha akauinua uso akaunyooshea kidole mkono wangu.

"Hiyo kliniki yako inafunga saa ngapi?"

"Saa sita. Leo ndiyo siku yake."

"Na sasa ni saa nne na robo, na nyinyi mmesimama hapa mnagombana. Nendeni. Mimi nitafunga mlango. Hili la kiuno tutazungumza kesho, na litawatoa jasho."

Tulikwenda kwa miguu, nusu saa. Sista alisema kutembea ni dawa, lakini siku hiyo sikutembea kwa sababu ya dawa, nilitembea kwa sababu sikutaka kukaa kiti kimoja cha gari na Wifi. Alinifuata hatua tano nyuma akiwa na karatasi ya kukatia kwapani. Sikumwambia aichukue. Njia nzima nilikuwa nimeushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, nimeubeba kifuani kama mtoto mwenye homa, na kitu kimoja tu kilikuwa kinanizunguka kichwani: niubonyeze au nisiubonyeze.

Sista alikuwa ametufundisha jambo hilo mwanzoni. Unabonyeza kwa dole gumba, unahesabu mpaka kumi, unaachia. Ukibaki na kishimo, ni maji, na maji yanaweza kuondolewa. Dole likigonga pagumu na kishimo kisitokee, nyama imeshaanza kukakamaa, na hapo habari ni nyingine. Nilikuwa na dole gumba na nilikuwa na mkono. Niliupita ukuta mrefu wa shule, nikaupita mtaro, nikalipita geti la hospitali, na sikubonyeza. Nilikuwa naogopa kama sijawahi kuogopa hata siku ya upasuaji, kwa sababu siku ile nililazwa nikafumba macho na mambo yakafanywa na wengine.

Foleni ilikuwa na wanawake sita. Tukakaa benchi. Wifi akakaa mwisho wake, mimi mwisho wangu, na mama mmoja mgeni akaja akakaa katikati bila kujua amekaa wapi. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu walikuwa wamebaki watatu mbele yangu. Saa sita kasoro dakika kumi Sista akachungulia, akahesabu vichwa, akatazama saa yake, na akaniona.

"Wewe tarehe yako bado."

Nikapandisha mkono wa gauni. Alitazama mara moja tu.

"Ingia. Na huyo anayelia aingie pia."

Nikageuka. Wifi alikuwa analia kweli, bila sauti, karatasi ameibana kifuani. Sijui alianza lini.

Ndani Sista alinipima yeye mwenyewe, mahali sita, akiandika bila kutaja kitu. Alinishika paji la uso kuangalia homa. Akaikagua ngozi kutoka vidoleni mpaka kwapani, akitafuta wekundu au kidonda, na hakukiona. Akauliza ilianza lini. Nikafungua mdomo nikaona sina la kusema, maana daftari langu lilikuwa la uongo kuanzia Jumapili ya nne. Ndipo Wifi akaikunjua karatasi juu ya meza. Sista akaisoma ile safu ya penseli, akanitazama, akamtazama Wifi.

"Nani aliandika hivi?"

"Mimi," Wifi akasema.

"Vipimo vizuri. Ungemwonyesha mwenyewe ingekuwa vizuri zaidi."

Akaulaza mkono wangu juu ya taulo, akaweka dole gumba lake chini kidogo ya bega, akabonyeza. Moja, mbili, tatu. Alihesabu kimoyomoyo lakini midomo yake ilikuwa inacheza, na mimi nilihesabu naye. Tisa. Kumi. Akaachia.

Kishimo kilibaki. Kilikaa pale, cha mviringo, kirefu, kinaonekana hata na aliye mlangoni. Sijawahi kukipenda kitu kibaya kiasi hicho.

Akashuka, akabonyeza juu ya kiwiko. Kishimo. Akashuka chini ya kiwiko, upande wa ndani, akabonyeza, akaachia. Hakikutokea. Akasogea kidogo, akabonyeza tena. Hakuna. Akapapasa pale kwa vidole viwili muda mrefu.

"Hapa pameanza kukaza," alisema. "Si pakubwa, kama sarafu mbili tatu. Sehemu nyingine bado ni maji. Sitakudanganya, mama. Ungekuja wiki tano zilizopita, pengine hapa pangekuwa laini. Mkono huu haupo ulipokuwa, na huenda usirudi kulingana na mwenzake. Lakini utashona."

Nilimwomba arudie neno la mwisho. Akalirudia.

Akatoa bandeji, mikunjo minne, akaanza kunifunga kutoka vidoleni kupanda juu, chini inakaza kiasi, juu inalegea. Alifunga nusu, akasimama, akampa Wifi mikunjo iliyobaki. "Malizia. Utakuwa unamfunga kila asubuhi baada ya kujipapasa kwake, na hospitali haina mikono ya kutosha." Wifi alifunga. Kila mzunguko ulilalia uliotangulia kwa nusu, sawasawa, kama pindo la mashine. Sista akaukagua akasema sawa.

Kesho yake nilikwenda kwenye mahafali nimevaa gauni pana na mkono mweupe wa bandeji, na blauzi ikabaki kwenye henga pale chumbani, maana juu ya bandeji isingepita.

Tulikaa wiki nne hivyo. Kila asubuhi Wifi alikuja nyumbani, alingoja nje mpaka nimalize kupumua na kujipapasa, akaingia, akanifunga, tukaenda kazini. Tuliongea habari za nyuzi na vifungo. Jumapili sikumwita. Nilisema Sista atapima kwenye tarehe yangu na inatosha. Ukweli ni kwamba hata angetaja kipimo kizuri nisingejua nikifanyie nini. Hilo ndilo nililomchukia zaidi: kwamba aliniondolea uwezo wa kupokea habari njema.

Mama Duka alirudi. Alitaka vipimo vyake vyote vitajwe kwa sauti, mbele ya mashahidi, na akaandika mwenyewe kwenye simu. Halafu akataka gauni libanwe pale kiunoni kwa sababu, alisema, ukweli haumaanishi nivae gunia.

Jumapili ya nne Wifi hakungoja nje. Aliingia kabla sijafungwa, mkono ukiwa wazi juu ya mto, akatoa futi shingoni. Hakuniuliza. Akauzungusha mahali pale pale, katikati ya kiwiko na bega, akaweka ukucha kwenye alama.

"Usiniambie," nikasema.

Akaganda. Ukucha ukabaki kwenye alama.

"Sitakuamini, Wifi. Nataka, lakini sitakuamini. Usiniambie."

Akaikunja futi, akatoka. Nikasikia geti. Nikakaa na mkono wangu, nikijisema kwamba ni mkali kupita kiasi, kisha nikijisema kwamba nina haki.

Baada ya saa nzima akarudi, na blauzi mkononi. Akaigeuza nje ndani akanionyesha mshono wa mkono wa kushoto. Alikuwa ameufumua kutoka kwapani mpaka chini na kuushona upya, ndani zaidi. Kitambaa kilichobanwa alikuwa amekikata kabisa kwa mkasi, hakuacha cha kufungulia. Nilielewa mara moja alichokifanya. Kama mkono wangu ulikuwa haujapungua, blauzi ile isingenipita tena, na isingerekebishika. Fundi hakati akiba yake kama hana uhakika.

"Vaa," akasema.

Nilianza na wa kulia, kwa sababu nilikuwa naogopa. Kisha nikaingiza wa kushoto. Ulipita kiganja, ukapita lile gumu la chini ya kiwiko ambalo bado nalisikia na nadhani nitalisikia siku zote. Ulipofika juu nilisimama kidogo. Nikavuta. Ukapanda mpaka begani.

Nikaingiza kidole kimoja kati ya kitambaa na nyama, kama ninavyofanya kwa kila mteja. Kikaingia na kikazunguka.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa haina pa kukaa. Nikaiendea meza, nikafungua daftari la vipimo ukurasa wa mwisho, na tarehe zote za uongo zilikuwa pale kwa mwandiko wangu. Nikageuza karatasi mpya, nikamsogezea pamoja na kalamu.

"Andika wewe," nikasema. "Na usome kwa sauti."

Aliinama akaandika. "Thelathini na tatu," akasoma, na sauti ikamkatika kwenye namba, na mimi nikaamini.